Jezi Namba Nane, Kazi ya Namba Sita

Kila anayeandika habari za Formiga, kiungo wa zamani wa timu ya taifa ya wanawake ya Brazil, huanza na saba. Kombe la Dunia mara saba, kuanzia Sweden 1995 hadi Ufaransa 2019. Olimpiki mara saba, kuanzia Atlanta 1996 hadi ile ya Tokyo iliyosogezwa hadi 2021. Hakuna binadamu mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyecheza fainali saba za Kombe la Dunia. Rekodi ni rekodi, siibezi. Ila hiyo saba imekuwa pazia. Mtu akishaitaja anaona amemaliza, na kile alichokuwa anakifanya huyu dada uwanjani kwa miaka 26 kinabaki hakijasemwa.

Mimi nilicheza kiungo mkabaji nikiwa sekondari. Sikuwa na mbio za kucheza winga wala mashuti ya kucheza mbele, kwa hiyo mwalimu wa michezo akanisimamisha mbele ya mabeki na kuniambia kazi yangu ni moja, kukata umeme. Wanaofuatilia mpira wa Bongo wanamjua mkata umeme. Shambulizi linakuja, yeye analizima kabla halijafika kwa mabeki. Nilichojifunza haraka ni kwamba hakuna mtu anayekwenda uwanjani kumtazama. Tukifungwa, ninaulizwa mimi nilikuwa wapi. Tukifunga, anabebwa mwingine. Mpira wenyewe niliuacha zamani, lakini macho yangu hayajaacha. Hadi leo nikikaa mbele ya mechi yoyote, wa kwanza kumtafuta ni huyo wa katikati anayekaa nyuma ya wenzake, na kwa miaka mingi katika timu ya Brazil huyo alikuwa Formiga. Mgongoni alivaa 8. Kazi aliyoifanya, kwa lugha yetu ya uwanjani, ni ya namba sita, yaani kiungo mkabaji.

Jina lake kamili ni Miraildes Maciel Mota. Formiga ni jina la utani alilopewa akiwa binti mdogo, kwa Kireno ni mdudu chungu, kwa vile alivyokuwa akihangaika uwanja mzima kwa ajili ya wenzake.

Ukitaka kumwona kiungo wa aina hii, acha kuangalia mpira. Timu yake ikipiga kona na wenzake wote wamejaa kwenye boksi, mtafute yeye. Utamkuta nje ya boksi, mahali ambapo beki wa wapinzani atautupia mpira akiuondosha kwa kichwa. Huo mpira wa pili ni wake. Akiupata, presha inaendelea. Akiukosa, wapinzani watatu wanakimbilia lango lenu na nyuma mmebaki wawili. Au ngoja mpaka timu ipoteze mpira katikati. Anapaswa kuamua palepale kama amfuate mwenye mpira au amwache, arudi hatua tano azibe njia ya pasi kwa straika. Akikosea mara moja mnafungwa. Akipatia mara hamsini, watazamaji hawajui hata kama kulikuwa na kitu cha kuamua.

Sasa iweke kazi hiyo ndani ya Brazil ya miaka ya 2004 hadi 2008. Mbele ilikuwa na Marta na Cristiane, na mabeki wa pembeni walipanda kana kwamba nyuma hakuna lango. Ilikuwa timu tamu kuitazama na, kwa mtu aliyewahi kucheza nafasi ile, ilikuwa timu ya kutisha, kwa sababu unaona eneo lililoachwa wazi na unaona ni nani anayetakiwa kulilinda. Katika nusu fainali ya Olimpiki ya Beijing 2008 walikutana na Ujerumani, mabingwa wa dunia wa wakati ule. Birgit Prinz wa Ujerumani alifunga mapema, dakika ya 10. Brazil wakashinda 4-1. Watu wanakumbuka mabao ya kipindi cha pili ya Cristiane na Marta. Bao la kusawazisha, lililofungwa muda mfupi kabla ya mapumziko, lilikuwa la Formiga. Bila hilo wangeingia vyumbani wakiwa nyuma dhidi ya timu ambayo, mwaka mmoja kabla, ilikuwa imewafunga fainali ya Kombe la Dunia.

Alizaliwa Salvador, Bahia, tarehe 3 Machi 1978. Siku hiyo, kwa sheria za Brazil, mwanamke kucheza mpira wa miguu kulikuwa marufuku.

Sitii chumvi. Mwaka 1940, wakati timu za wanawake zilikuwa zimeanza kujaza watu viwanjani Rio de Janeiro, raia mmoja alimwandikia barua Rais Getúlio Vargas akilalamika kwamba mchezo ule utaharibu miili ya mama wa kesho. Mwaka uliofuata ikatoka amri ya serikali namba 3199, ambayo kifungu chake cha 54 kilizuia wanawake kushiriki michezo isiyolingana na maumbile yao. Haikuutaja mpira kwa jina. Mwaka 1965, chini ya utawala wa kijeshi, baraza la michezo likaona bora kutaja, likaorodhesha mpira wa miguu wa kila aina, pamoja na mapigano ya aina yoyote, raga na kunyanyua vitu vizito. Marufuku iliondolewa 1979, na kanuni za kuruhusu mashindano rasmi zikaja 1983. Brazil haikuwa peke yake katika hili. Uingereza chama cha soka kiliwafungia wanawake viwanja vya klabu zake 1921 wakakaa nje karibu nusu karne, na Ujerumani Magharibi waliwazuia kuanzia 1955 hadi 1970. Kwetu haikuhitajika amri ya rais. Shangazi alitosha.

Kwa hiyo mtoto huyu alikulia katika nchi ambayo sheria ilikuwa imefutwa lakini watu walikuwa walewale. Amesimulia katika mahojiano mengi kwamba kaka zake walikuwa wakimpiga kwa sababu ya kucheza mpira mtaani na wavulana. Mama yake alimwacha acheze. Ninapofikiria mkabaji anajifunzia wapi kusoma nia ya mtu kabla hajaifanya, nawafikiria hao kaka, ingawa ni dhana yangu tu na sitaki kuipamba. Mtoto kupigwa ni mtoto kupigwa.

Alikuwa na miaka 17 alipokwenda Sweden na timu ya taifa, 1995. Wachezaji wa kizazi kile wamesimulia jinsi walivyovaa jezi zilizobaki za timu ya wanaume, mashati yaliyowapwaya mabegani na bukta za kukunja kiunoni. Waliwashangaza wenyeji Sweden kwa kuwafunga 1-0 katika mechi ya kwanza pale Helsingborg, kisha wakapoteza kwa Japani, kisha Ujerumani wakawapiga sita. Nje katika hatua ya makundi. Katika kikosi cha Sweden siku ile alikuwemo Pia Sundhage, na hili jina naomba msomaji aliweke pembeni, tutalihitaji.

Kuhusu klabu nitapita haraka, kwa sababu orodha yake inachosha, na uchovu huo wenyewe ndio habari. São Paulo miaka ya 1990, klabu kadhaa ndogo za Brazil, Malmö kule Sweden 2004, New Jersey, FC Gold Pride ya California 2009, Chicago Red Stars 2010, São José. Mtu asiyejua atadhani ni mchezaji asiyetulia. Ukweli ni kwamba ardhi ilikuwa ikimponyoka miguuni. Brazil haikuwa na ligi ya taifa ya wanawake iliyosimama. Ile inayoendeshwa na shirikisho lao, CBF, ilianza 2013, wakati yeye ana miaka 35. Ligi ya kulipwa ya Marekani aliyoifuata ilizinduliwa 2009 na kufa 2012. Mchezaji wa kiume wa kiwango chake angekuwa amesaini mikataba miwili au mitatu mirefu na kujenga nyumba tatu. Yeye alitulia kidogo São José dos Campos, katika jimbo la São Paulo, akatwaa Copa Libertadores mara tatu, 2011, 2013 na 2014. Mara tatu bingwa wa bara, na bado klabu ile ukiitaja kwa shabiki wa kawaida wa soka atakuuliza iko nchi gani.

Medali za timu ya taifa zinauma zaidi. Athens 2004, fainali, Marekani wakashinda 2-1 katika muda wa nyongeza baada ya Brazil kugonga mwamba mara mbili. Shanghai 2007, fainali ya Kombe la Dunia, Ujerumani 2-0, Marta akakosa penalti. Beijing 2008, fainali nyingine, Marekani tena, 1-0 katika muda wa nyongeza. Fainali tatu ndani ya miaka minne, fedha tatu.

Pale Shanghai, baada ya kuvishwa medali, wachezaji walinyanyua bango mbele ya kamera. Hawakuandika asante, wala hawakuandika jina la Mungu. Waliandika kwa Kireno kwamba Brazil, tunahitaji msaada. Fikiria umetoka kuifikisha nchi yako fainali ya dunia, nchi inayojisifu kuwa ndiyo mpira wenyewe, na nafasi hiyo moja unaitumia kuomba. Wengi huwa wanalinukuu bango hilo wakizungumzia Marta. Mimi nikiliona namfikiria Formiga, aliyekuwa tayari na Kombe la Dunia nne mwilini na hana ligi ya kurudi kuichezea nyumbani.

Halafu 2016. Olimpiki ilikuwa kwao, Rio, yeye ana miaka 38. Nusu fainali dhidi ya Sweden, Maracanã imejaa, hakuna bao, wakatolewa kwa matuta. Wakapoteza na medali ya shaba kwa Kanada. Desemba ya mwaka huo alicheza mashindano mafupi pale Manaus na kuaga timu ya taifa. Watu wakalia, akapewa maua, kwisha.

Haikuwa kwisha. Mwaka 2018 kocha Vadão alimpigia akimwomba arudi. Alikuwa na miaka 40. Alirudi, wakachukua Copa América, ubingwa wa Amerika Kusini, kule Chile, na mwaka uliofuata akapanda ndege kwenda Kombe la Dunia la saba.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomsifia. Wao husimulia kurudi kwake kama ushujaa, na ushujaa upo. Lakini jiulize kwa upande wa pili: nchi ya watu zaidi ya milioni 200 ilikuwa imepewa mwaka mzima na zaidi wa kumpata kiungo mkabaji mwingine, ikashindwa, ikampigia simu mtu wa miaka 40. Sifa ni ya aliyepokea simu. Aibu ni ya waliopiga. Kiungo mkabaji hutengenezwa. Straika mwenye kipaji anaweza kuchipuka kwenye vumbi peke yake, Marta mwenyewe alitoka Dois Riachos, mji mdogo kule Alagoas. Namba sita anahitaji mechi nyingi za maana akiwa kijana, anahitaji kukosea mbele ya kocha anayeona kosa lake, anahitaji ligi. Ukiwanyima wasichana ligi kwa miongo, washambuliaji utaendelea kuwapata kwa bahati. Viungo wakabaji hutawapata.

Yupo atakayesema kinyume, kwamba kukaa kwake muda mrefu ndiko kulikowazibia vijana nafasi. Nimeisikia hoja hiyo na si ya kijinga. Kocha mwenye Formiga mkononi hana haraka ya kumjaribu binti wa miaka 20, na mkabaji anayekaa benchi hajifunzi lolote. Lakini mzigo wa kuandaa warithi ni wa shirikisho, haujawahi kuwa wa mchezaji. Yeye aliacha kabisa 2016 na mlango ukawa wazi. Hakuingia mtu.

Mechi ya Brazil na Australia ya 2019, pale Montpellier, niliitazama kwenye kibanda umiza karibu na ninapoishi, saa moja jioni, wengi wa waliokuwepo wakisubiri mambo mengine. Kamera ilipomwonyesha Formiga na umri wake, kijana mmoja akaguna, "Huyu si wa kukaba, huyu unampa shikamoo kwanza." Tulicheka wote. Mwenye kibanda akaniuliza, "Dada, kweli ana arobaini na moja?" Nikamwambia subiri uone. Brazil wakapata mabao mawili, Cristiane akiwa amefunga kwa kichwa bao zuri sana, Australia wakarudisha moja karibu na mapumziko. Kipindi cha pili kilipoanza, Formiga na Marta wote hawakurudi. Matokeo yakaishia 3-2 kwa Australia.

Siwezi kukuapia kwamba angebaki wasingefungwa. Marta naye alitoka, tena akiwa ametoka kwenye majeraha, na bao la tatu lilikuwa la kujifunga. Ninachosema ni kwamba katikati palibadilika. Wachezaji wa Australia waliokuwa wakipokea mpira huku wamelipa lango mgongo walianza kugeuka nao. Yule kijana wa shikamoo ndiye aliyeligundua kabla yangu, akauliza, "Yule bibi kaenda wapi?"

Siku nne kabla ya hapo, tarehe 9 Juni, Brazil walikuwa wameifunga Jamaika 3-0 pale Grenoble na Formiga akawa mchezaji mwenye umri mkubwa kuliko wote kuwahi kucheza Kombe la Dunia la wanawake, miaka 41 na siku 98. Tarehe hiyohiyo miaka minne nyuma, kule Montreal, alikuwa amefunga dhidi ya Korea Kusini na kuwa mfungaji mwenye umri mkubwa zaidi katika mashindano hayo, miaka 37. Lile bao la Montreal nalipenda kwa sababu ni la mkabaji hasa. Beki alirudisha mpira nyuma vibaya, na Formiga alikuwa ameshaanza kukimbia. Hakuwa na mbio kuliko yeyote pale. Alianza mapema. Ndiyo maana nafasi hii inazeeka vizuri kuliko nyingine. Winga akipungukiwa na mbio amekwisha, mkabaji akipungukiwa na mbio anasogea hatua mbili mahali sahihi na mpira unamkuta. Formiga alivyokuwa kijana alipanda na kushuka uwanja mzima. Kadiri miaka ilivyosonga alirudi karibu na mabeki wake, na akawa anacheza zaidi kwa kutazama.

Brazil walitolewa na wenyeji Ufaransa katika hatua ya 16, Le Havre, Amandine Henry akifunga katika muda wa nyongeza. Baada ya mechi Marta alisimama mbele ya kamera, machozi yakimlenga, akawaambia wasichana wa nyumbani kwamba hakutakuwa na Formiga milele, wala Marta, wala Cristiane, na kwamba soka la wanawake linawategemea wao ili liishi. Wengi tulilichukua kama hotuba ya kutia moyo. Nikiisikiliza tena naisikia kama malalamiko. Aliyetajwa wa kwanza ni kiungo mkabaji.

Haki ya mtu nayo isemwe: mambo yalikuwa yameanza kubadilika. Ilikuwa mara ya kwanza Globo, televisheni kubwa ya Brazil, kuonyesha mechi za timu hii katika Kombe la Dunia, na mara ya kwanza wavae jezi iliyoshonwa kwa ajili yao, hawakuvaa tena ya wanaume. Kuanzia 2019 shirikisho la Amerika Kusini likailazimu kila klabu ya wanaume inayotaka kucheza Libertadores iwe na timu ya wanawake. Septemba 2020 CBF wakatangaza posho sawa kwa timu zote mbili za taifa. Yote yalikuja yeye akiwa amepita miaka 40.

Klabu iliyompa utulivu wa kweli ilikuwa mbali na kwao. Paris Saint-Germain walimsajili mapema 2017, akikaribia kutimiza miaka 39, umri ambao wachezaji wengi wanafungua maduka ya vifaa vya michezo. Alikaa hadi 2021. Msimu wake wa kwanza timu ilifika fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Cardiff ikapoteza kwa Lyon kwa matuta. 2018 wakawafunga Lyon 1-0 katika fainali ya Kombe la Ufaransa. Na msimu wa 2020/21 wakachukua ubingwa wa ligi, ubingwa ambao Lyon walikuwa wameushikilia mara 14 mfululizo. Formiga alikuwa na miaka 43. Mpe mchezaji uwanja mzuri, daktari, mshahara unaofika na mechi kila wiki, uone atafika wapi. Mimi hujiuliza zaidi kuhusu wenzake wa 1995 ambao hawakuvipata, ambao majina yao huyajui wala mimi siyajui yote.

Sasa nirudi kwa Pia Sundhage. Mwaka 1995 alikuwa katika kikosi cha Sweden kilichofungwa na Brazil ya Formiga wa miaka 17. Mwaka 2008 alikuwa kocha wa Marekani waliomnyima Formiga dhahabu ya Beijing. 2011 kule Dresden, robo fainali ya Kombe la Dunia, alikuwa kocha wa Marekani waliosawazisha dakika ya 122 kwa kichwa cha Abby Wambach na kuwatoa Brazil kwa matuta. 2016 pale Maracanã alikuwa kocha wa Sweden. Katika vilio hivyo vitatu vya Brazil, benchi la pili alikaa mwanamke yuleyule. Julai 2019 CBF wakamwajiri. Na huyu aliyemchunguza Formiga kwa miaka yote ili amshinde, alipopewa uchaguzi wa kumwacha au kumchukua, alimpeleka Tokyo. Mechi ya kwanza dhidi ya China, 5-0, na Formiga akawa amecheza katika kila mashindano ya Olimpiki ya mpira wa wanawake tangu yalipoanzishwa. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo kutoka kwa mpinzani.

Mechi ya kuaga ya pili, iliyokuwa ya kweli, ilichezwa Manaus tarehe 25 Novemba 2021 dhidi ya India, 6-1. Aliingia kipindi cha pili. Amevuka mechi 200 za timu ya taifa. Hakuwahi kuitwa mchezaji bora wa dunia, tuzo ambayo Marta aliibeba mara sita.

Mtu ataniambia siku hizi viungo ndio wanaotunukiwa, na ni kweli. Ballon d'Or ya wanawake, iliyoanza 2018, kuanzia 2021 hadi 2025 imekwenda kwa viungo wawili tu wa Barcelona, Alexia Putellas mara mbili na Aitana Bonmatí mara tatu. Ni wachezaji wa ajabu na sina neno. Ila miaka hiyo wote wawili walicheza mbele ya Patri Guijarro, ambaye anakaa pale Formiga alipokuwa akikaa, na ambaye alifunga mawili ndani ya dakika mbili katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2023 Barcelona walipokuwa nyuma 2-0 kwa Wolfsburg. Kigezo changu cha kumjua anayeelewa mpira ni kama anamtaja Patri kabla sijamuuliza. Nimepoteza marafiki wawili watatu kwa kigezo hicho, utani lakini si utani sana.

Nyumbani swali hili linatuhusu kuliko tunavyokiri. Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, walicheza fainali za Afrika 2010 kule Afrika Kusini, kisha wakasubiri hadi zile zilizochezwa Morocco Julai 2025. Binti aliyekuwa na miaka 20 ile mara ya kwanza alikuwa na 35 ile ya pili. Kati ya hapo tumepata washambuliaji wazuri, wengine wamekwenda kucheza nje, na tunawajua kwa majina. Waulize mashabiki wakutajie namba sita wawili wa Twiga Stars wa miaka hiyo 15, usikie kimya kitakavyotanda.

Kombe la Dunia la 2023, Australia na New Zealand, lilikuwa la kwanza kwa Brazil bila Formiga tangu lile la Sweden. Kocha alikuwa Pia bado. Mechi ya mwisho ya kundi walihitaji kuifunga Jamaika, timu ileile waliyoipiga tatu Grenoble. Ikaisha 0-0, Brazil nje. Hawakuwa wametolewa katika makundi tangu 1995. Mwaka uliofuata wakapata medali ya fedha ya Olimpiki Paris, kwa hiyo timu haijafa, na mwenye kudai kwamba yote ni kwa sababu ya mtu mmoja anatafuta hadithi rahisi. Dhidi ya Jamaika kilichokosekana kilikuwa bao, na bao si kazi ya namba sita. Lakini niliitazama mechi ile nikiona mipira ya pili ikiondoshwa na kuangukia eneo tupu, mara kwa mara, na hakuna aliyekuwa amefika kabla yake.

Mwaka 2027 fainali zinakwenda Brazil kwenyewe, na Salvador ni mmoja wa miji minane itakayopokea mechi. Kikosi kikitangazwa watu watakimbilia majina ya washambuliaji. Mimi nitaanza kusoma kwa viungo wakabaji, nihesabu kama safari hii wameandaa angalau wawili.